Mzabibu Unataka Miaka Mitatu

Ukiuliza mzabibu unapandwa lini Dadaab, jibu la mvua ni rahisi: Gu ikianza, mwezi wa nne, au Deyr, mwezi wa kumi. Shida iko kwa kalenda nyingine. Mzabibu hukaa kama miaka 3 kabla ya kukupa mavuno ya maana, na Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa 1991 na 1992, kwa watu 90,000, kama kambi za muda tu. Basi watu wakapanda vya haraka: mchicha na sukuma ndani ya magunia, wakimwagilia maji yaliyokwisha kufulia nguo. Mchicha unauchuma baada ya mwezi, haungoji ruhusa ya mtu.

Mei 2016 serikali ikatangaza kwamba kambi zitafungwa. Aliyepanda mzabibu Gu hiyo angengoja mavuno mpaka 2019. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema kuzifunga ni kinyume cha Katiba.

Mzabibu wa 1992 leo ungekuwa rika la watu waliozaliwa Ifo, na sasa wana watoto wao. Mvua zingine zilikuja, zingine ziligoma. Wa kuwahakikishia mwaka wa tatu ndiye hajawahi kutokea.