Konsoli, kompyuta na njaa ya memori

Siku kumi za Novemba 2006 zina mengi ya kutueleza kuhusu ubishi ambao wapenzi wa gemu wanao hadi leo: je, konsoli mpya itaipiku kompyuta? Tarehe 8 mwezi huo, Nvidia ilitoa kadi ya michoro ya kompyuta iitwayo GeForce 8800 GTX kwa dola 599. Siku tatu baadaye Sony ikaanza kuuza PlayStation 3 Japani, na ilipofika Marekani tarehe 17, toleo lake kubwa liliuzwa dola 599 zilezile. Mnunuzi wa kwanza alipata kadi tu, akabaki na kazi ya kutafuta kompyuta ya kuichomeka. Wa pili alipata mashine nzima, na uwezo wa kuonyesha filamu za Blu-ray juu yake.

Unafuu huo ulikuwa na mlipaji. Kampuni ya uchambuzi ya iSuppli ilikadiria kwamba kuunda PS3 ile kuligharimu takriban dola 840. Sony ilikubali hasara kwa kila mashine ikitegemea kuifidia kwenye mauzo ya michezo, jambo ambalo muuza kadi za kompyuta hawezi kulifanya, maana kadi ndiyo riziki yake. Anayelinganisha bei za vitu hivi viwili bila kulikumbuka hilo analinganisha visivyolingana.

Matarajio yalikuwa makubwa kupita kiasi, na Sony yenyewe iliyachochea. Mei 2005, kwenye maonyesho ya E3 huko Los Angeles, ilionyesha video ya mchezo wa Killzone iliyowaacha watu vinywa wazi. Picha zile zilikuwa zimetengenezwa mapema, hazikuwa mchezo unaochezwa. Hata hivyo, prosesa ya Cell, iliyobuniwa na Sony, Toshiba na IBM, ilikuwa na nguvu za kweli. Mwaka 2008 toleo lake lililoboreshwa liliiwezesha Roadrunner, kompyuta kubwa ya maabara ya Los Alamos, kuwa ya kwanza duniani kuvuka petaflopu moja, yaani hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde.

Kilichoiangusha PS3 kilikuwa memori. Ilikuwa na MB 512, zikagawanywa nusu kwa nusu kati ya prosesa na chipu ya michoro, wakati 8800 GTX peke yake ilibeba MB 768. Ndani ya Cell, kila prosesa ndogo ilikuwa na KB 256 tu za kufanyia kazi, na mwandishi wa programu ndiye aliyepaswa kuilisha data kidogokidogo na kuiondoa kwa wakati. Studio zilizovumilia taabu hiyo kwa miaka zilitoa kazi za ajabu. Nyingine zilitoa matoleo dhaifu kuliko yale ya konsoli ya Xbox 360 ya Microsoft, ambayo pia ilikuwa na MB 512 lakini katika hodhi moja la pamoja.

Huku kwetu mbio hizo zilisikika kwa mbali. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, PS2 iliendelea kuingiza pesa miaka mingi baada ya mrithi wake kutoka. Mteja alilipia mechi ya mpira, na mechi ilichezeka.

Fundisho la memori lilimwingia Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 4. Mashine hiyo ilipotangazwa New York tarehe 20 Februari 2013, prosesa yake ilikuwa ya AMD, ya ukoo uleule wa kompyuta za kawaida, tena ya kiwango cha chini. Waliotarajia Cell nyingine walisononeka. Lakini ilikuwa na GB 8 za memori ya kasi aina ya GDDR5, za kutumiwa na chipu zote kwa pamoja, wakati uvumi ulikuwa umetaja GB 4. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ulifaa kuliko teraflopu zote zilizotangazwa katika muongo ule.

PS5 ya 2020 iliendeleza njia hiyo. Diski yake ya SSD husoma GB 5.5 kwa sekunde. Kabla haijafika madukani, Samsung ilikuwa tayari imetoa diski ya 980 Pro yenye kasi ya GB 7. Faida ya konsoli ilikuwa kwamba kila mwenye PS5 anayo diski hiyo, hivyo mwandaaji wa mchezo anaweza kuitegemea tangu siku ya kwanza. Kwenye kompyuta humlazimu pia kumfikiria mchezaji mwenye diski ya zamani.

Oktoba 2025, Cerny na Jack Huynh wa AMD walieleza teknolojia wanazoziandalia konsoli ijayo, ambazo wakati huo zilikuwepo kwenye uigaji wa kompyuta tu. Mojawapo hubana data inayopita ndani ya chipu ya michoro ili kupunguza mzigo wa memori. Miezi hiyohiyo bei ya memori ilipanda kwa kasi, kwa sababu vituo vya akili mnemba vinainunua kwa wingi. Mwenye kutaka kujua konsoli hiyo itasimama wapi mbele ya kompyuta aulize kwanza itabeba GB ngapi, na nani atazilipia.