Kijiji Chini ya Bwawa

Msomaji, ukijaliwa siku moja kufika Uingereza, toka mji wa Sheffield ushike njia iendayo magharibi. Baada ya mwendo mfupi wa gari utaziacha nyumba na viwanda nyuma yako, na njia itapanda mpaka mahali palipo wazi, pasipo na mti, penye upepo usiokoma. Udongo wa nchi hiyo ya juu ni mweusi, nao umelowa kama sifongo. Hauoti ngano wala viazi, ila nyasi ngumu na vichaka vifupi ambavyo mwezi wa Agosti huchanua maua ya zambarau, mlima mzima ukawa kama uliotandikwa zulia. Kisha njia huteremka, nawe waona chini yako maji mengi yaliyotulia kati ya misitu ya misonobari. Hayo ndiyo mabwawa matatu ya bonde la mto Derwent: Howden juu, Derwent katikati, na Ladybower chini.

Siku za mapumziko watu huja kwa wingi. Utawaona wazee na fimbo zao, watoto juu ya baiskeli, wavuvi wamesimama kimya ukingoni, na vijana wakipanda magenge ya mawe ambayo mvua na upepo vimeyachonga maumbo ya ajabu, hata mengine yakaitwa Mikate. Mgeni hudhani kwamba maji hayo yaliumbwa pamoja na milima. Sivyo hata kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester ilikuwa ikikua upesi, na maji safi hayakutosha. Ili miji hiyo isigombee bonde moja, Bunge liliunda mwaka 1899 halmashauri moja ya maji, kila mji upate fungu lake. Kazi ilianza mwaka 1901. Bwawa la Howden lilimalizika mwaka 1912, na la Derwent mwaka 1916. Kuta zake ni za mawe yaliyochongwa katika machimbo ya Bole Hill na kuletwa kwa garimoshi, uzito wake zaidi ya tani milioni moja. Wafanyakazi walijengewa kijiji cha mabati mahali paitwapo Birchinlee, wakakaa humo na wake zao na watoto wao, jumla yao wapata 900. Walikuwa na shule, hospitali, posta na maduka. Kazi ilipokwisha kijiji kikang'olewa, na leo mpitaji huona tu misingi michache katikati ya miti.

Lakini kijiji cha mabati kilijengwa ili kiondolewe. Vijiji vya Ashopton na Derwent havikuwa hivyo. Mabwawa mawili yalipoonekana hayatoshi, kazi ya Ladybower ilianza mwaka 1935, na vijiji hivyo viwili vilikuwa mahali hasa ambapo maji yangefika. Huko Derwent palikuwa na kanisa lenye mnara mrefu, na jumba kubwa la mawe lililojengwa mwaka 1672, ambalo katika miaka yake ya mwisho lilikuwa bweni la vijana waliokuja kutembea milimani. Sauti ya vijiji viwili ilikuwa ndogo mbele ya miji minne. Watu wengi walihamishiwa nyumba mpya zilizojengwa chini ya ukuta wa bwawa, mahali paitwapo Yorkshire Bridge. Hata wafu walihama: mifupa ilifukuliwa makaburini ikazikwa upya katika kijiji cha Bamford. Ibada ya mwisho katika kanisa lile ilifanywa mwezi wa Machi 1943, na maji yakaanza kupanda.

Mwezi huo huo wanajeshi wa anga wa kikosi cha 617 walikuwa wakianza mazoezi yao, na bwawa la Derwent likawa mojawapo ya mahali walipojifunza kuruka usiku, chini kabisa juu ya maji, kwa kuwa ukuta wake wenye minara miwili ulifanana na kuta za mabwawa ya Ujerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1943 waliyavunja mabwawa ya Möhne na Eder. Wanajeshi 53 hawakurudi wakiwa hai, na chini ya kuta zile watu wapatao 1,300 walikufa kwa gharika, wengi wao wakiwa watu wa nchi nyingine waliolazimishwa kufanya kazi huko. Atembeaye juu ya njia tulivu ya Derwent yafaa ayakumbuke hayo yote, si ushujaa tu.

Walakini, maji si jambo pekee lililogombewa. Sehemu kubwa ya nyika ile ilikuwa mali ya matajiri waliofuga humo ndege wa kuwindwa, na walinzi wao waliwafukuza wapitaji. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia kadhaa, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, ulio magharibi ya mabwawa haya, pasipo ruhusa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Palitokea mapambano na walinzi, na vijana watano wakafungwa jela, hukumu zao miezi miwili hata sita. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 nchi hii ya milima ikawa mbuga ya kwanza ya taifa katika Uingereza. Haki kamili ya kutembea nyikani ilingoja mpaka sheria ya mwaka 2000.

Mnara wa kanisa la Derwent uliachwa ukichomoza majini kama ukumbusho, lakini ulivunjwa Desemba 1947 kwa kuhofia usalama wa watu. Basi usimsadiki akuambiaye kwamba maji yakipungua mnara huonekana. Yaonekanayo wakati wa ukame mkubwa, kama mwaka 2018, ni mabaki ya kuta na mawe ya lile jumba la kale, yamezungukwa na matope yanayonasa miguu.

Kitu kimoja cha kijiji kiliokoka. Palikuwa na daraja jembamba la mawe, lililopitwa zamani na farasi wenye mizigo. Kabla maji hayajafika, mawe yake yalitiwa alama moja moja, yakaondolewa na kuwekwa akiba. Mwaka 1959 lilijengwa upya juu ya bwawa la Howden, mahali paitwapo Slippery Stones. Kulifikia yafaa kutembea kwa miguu.