Miti ya Ngezi na Kitabu cha Maendeleo

Ukitoka Konde kwa barabara ya Makangale, mikarafuu hukoma na kivuli cha msitu wa Ngezi kikakupokea. Hayo ni masalio ya Pemba ya zamani. Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, aliwaamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikawa kisiwa cha karafuu, na misitu ikafyekwa kuipisha. Zama za Waingereza, Ngezi nayo ilikatwa magogo ya mbao, kabla haijawekwa kuwa hifadhi katika miaka ya 1950.

Katika eneo hilo dogo kila mti umejipima na mahali pake. Penye udongo mzuri miti husongamana, na kinachogombewa ni mwanga. Miche inayostahimili kivuli hukaa miaka mingi na majani machache, haiongezeki ila kidogo. Siku mti mkubwa ukianguka na jua likashuka, hupanda juu kwa haraka bila ya kupoteza nguvu kwenye matawi ya chini. Ndiyo maana gogo refu lililonyooka hupatikana ndani ya msitu, si uwanjani. Mikokoni, mchu hutoa mizizi wima juu ya tope ipate kuvuta hewa. Na kwenye mawe ya pwani mizizi hupenya nyufani, shina likabaki fupi, na upepo wa chumvi huunguza machipukizi ya upande wa bahari hata mti ukaonekana umeinama.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwapeleka wanafunzi huko. Nikawaonesha mti mmoja wa mawe, nikasema, "Huu umeshindwa." Kijana mmoja akanijibu, "Mwalimu, haujashindwa. Ungerefuka, kusi ingeuangusha."

Kijana huyo nilikuwa nimemwandikia mara mbili katika kitabu cha maendeleo: "Hana juhudi." Alikuwa akisinzia darasani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila alfajiri alikuwa baharini na baba yake wakitazama madema, kisha ndipo akaja skuli kwa miguu. Sikuwahi kumwuliza anaamka saa ngapi. Chuo cha ualimu kilinifundisha kupima maendeleo ya mtoto. Kuuliza amesimama juu ya udongo gani lilikuwa jukumu langu mwenyewe, nami sikulitimiza.

Muhula ule nilipofika kwenye jina lake niliacha nafasi tupu. Mwaka uliofuata hakurudi skuli.

Mche wa Ngezi unaweza kungoja miaka mpaka nafasi ipatikane. Mtoto ana miaka yake michache ya skuli, na mimi mbili katika hiyo nilizipoteza kwa maneno mawili ya wino. Walimu vijana wanaponitembelea, huwachukua mpaka kwenye mawe yale, nikawaomba waniambie mti ule una umri gani. Bado hakuna aliyethubutu kukisia.