Datsun ya Mbio na Pikapu: Damu Moja, Maisha Mawili

Pasaka ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na msomaramani wake Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa gari la Datsun 240Z. Wa pili walikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao katika 240Z. Lilikuwa gari la starehe lenye milango miwili, boneti ndefu na viti viwili tu, na kabla ya hapo wengi wasingeliamini kwenye tope na mawe ya barabara zetu.

Ukifungua boneti hiyo unakutana na injini ya L24: silinda sita, kila moja upana wa milimita 83, pistoni ikisafiri milimita 73.7. Sasa fungua boneti ya pikapu ya Datsun 521 iliyouzwa Marekani miaka hiyohiyo. Ndani yake kuna L16 yenye silinda nne, na vipimo ni vilevile, 83 kwa 73.7. Wahandisi waliongeza silinda mbili, sentimita za ujazo zikapanda kutoka 1,595 hadi 2,393. Tena mwaka 1970, kabla 240Z haijashinda, Herrmann alikuwa ameshinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, sedani yenye L16 iliyofungwa kabureta mbili. Kwa hiyo injini ya kubebea mizigo ilitangulia kuvaa taji.

Tofauti kubwa iko chini. Bodi ya 240Z haina chesisi ya kujitegemea; mabati yenyewe, yaliyochomelewa pamoja, ndiyo yanayobeba uzito wote. Kutu ikishaingia chini ya milango na sakafuni, uti wa mgongo wa gari umeliwa, na magari mengi ya aina hii yamekufa hivyo injini zikiwa bado nzima. Pikapu imekaa juu ya vyuma viwili virefu, na nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Karai la mizigo likioza, fundi hulifungua akaweka jingine, hata la mbao, na kazi ikaendelea.

Urahisi huo wa kubadilishwa ulizaa historia ambayo naiona nzito kuliko vikombe. Mwaka 1973 Mehta, ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka uliotangulia, alishinda Safari akiwa na Lofty Drews katika 240Z. Alilingana alama na Harry Källström, kanuni ya kuvunja sare ikampa ushindi. Lakini historia ninayoisema ni nyingine: mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya magari ya umma. Pikapu kuukuu za aina mbalimbali zikafungwa bodi na mabenchi, abiria wakakaa wakitazamana, magoti kwa magoti, wakapelekwa kazini na sokoni. Hakuna 240Z iliyowahi kumfanyia mwananchi wa kawaida kazi ya namna hiyo.

Soko la leo linahesabu kwa namna nyingine kabisa. Januari 2020, 240Z moja iliuzwa Marekani kwenye mnada wa intaneti kwa zaidi ya dola 300,000. Anayelinunua gari la hivyo analiepusha na mvua. Pikapu nyingi za rika lake zilifanyishwa kazi mpaka zikaisha, kisha zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kwa sababu zilikuwa na manufaa hadi siku ya mwisho, hakuna aliyefikiri kuziweka.

Nissan imelihifadhi gari la ushindi wa 1971 katika mkusanyiko wake wa Zama, Japani, na imefanya vema. Nairobi nayo inastahili kutunza matatu moja ya pikapu ya miaka ya sabini, mabenchi yake yakiwa mahali pake, na itafutwe sasa, wakati bado wapo mafundi waliozifunga bodi hizo kwa mikono yao.