Alama za Herufi katika Majina ya Afrika Mashariki: Aina, Kazi na Mivutano

Alama bainishi ni kialama kinachowekwa juu, chini au kando ya herufi ili kuipa thamani ambayo herufi tupu haina. Kiwimbi cha ĩ na ũ katika Gĩkũyũ, nukta chini ya ṭ katika unukuzi wa Kiarabu na nukta mbili juu ya ü ya Kijerumani ni alama za namna hiyo. Isichanganywe na herufi kamili kama ŋ ya Luganda, inayosimama yenyewe. Ritifaa ya ng' iko mpakani: kwa umbo ni alama, kwa kazi ni sehemu ya herufi.

Aina ya kwanza ni alama za tahajia ya wenyewe. Gĩkũyũ na Kikamba zina irabu saba, na alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu. Viwimbi ndivyo vinavyoziba pengo hilo. Ukiviondoa, sauti mbili tofauti huandikwa kwa herufi moja. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1964, ilitoka kwa jina la James Ngugi. Ile ya mwaka 1977 ilibeba Ngugi wa Thiong'o, bila viwimbi. Vitabu vya baadaye vikavirejesha. Vitabu vingi vya rejea vya Kiingereza vimebaki na umbo la katikati, lenye ritifaa lakini lisilo na viwimbi. Umbo hilo halifuati kanuni yoyote: ama alama zote mbili zina kazi, ama hakuna yenye kazi. Jina la kabila lenyewe lina maumbo matatu: Kikuyu, ambalo Kiingereza kililipata kupitia Kiswahili, Gikuyu, lililovuliwa alama, na Gĩkũyũ, lililo kamili.

Aina ya pili ni ritifaa. Katika Kiswahili hutenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na hupatikana katika majina kama Ng'ambo ya Zanzibar na Murang'a ya Kenya. Wachapaji huiacha kwa urahisi kwa kuwa huidhani ni alama ya uakifishaji. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu msomaji mgeni hana njia nyingine ya kuijua sauti hiyo.

Aina ya tatu ni alama za wataalamu, ambazo wenye majina hawazitumii kamwe. Ibn Baṭṭūṭa, aliyefika Kilwa mwaka 1331, huandikwa hivyo katika vitabu vya kitaaluma na Ibn Battuta kwingineko. Ensaiklopidia ya Uislamu inayochapishwa Leiden iliandika Ḳāsim katika toleo la pili; toleo la tatu huandika Qāsim. Mswahili aliyepewa jina hilo huandika Kassim au Kasimu, na hilo ndilo lililo kwenye hati zake.

Tanzania Bara mgogoro huchukua sura nyingine, kwa kuwa alama ni chache na hitilafu ziko katika herufi zenyewe. Wajerumani waliandika Muansa, Moschi na Aruscha. Waingereza walifuata kanuni ya Royal Geographical Society ya mwaka 1885: irabu kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza, na alama moja tu, ya mkazo. Kwa kanuni hiyo ramani hupata Nachingwea, Ruangwa na Chinongwe, kata ya Wilaya ya Ruangwa. Wanaisimu wanaoandika c mahali pa ch wangeandika Cinongwe, kama wanavyoandika Cimwera kwa lugha ambayo Malcolm Guthrie aliipa namba P22 katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu mwaka 1948 na Lyndon Harries akaichapishia sarufi mwaka 1950. Maumbo Mwera, Kimwera, Chimwera na Cimwera yote hutaja lugha moja, lakini katika fahirisi huangukia mahali panne. Tena, Chinongwe bila ritifaa humwelekeza msomaji atamke ng kama ya ngoma; anayeliingiza jina katika kamusi elezo anapaswa kwanza kuwasikiliza wenyeji.

Wanaokataa alama hudai kuwa msomaji wa Kiingereza hazifahamu, kwamba umbo lililozoeleka lina haki yake, na kwamba mashine hazikuwa nazo. Dai la mwisho lilikuwa na nguvu enzi za taipureta na za ASCII ya mwaka 1963, isiyo na herufi hata moja yenye alama. Dai la kwanza ni dhaifu, maana vitabu hivyohivyo vya Kiingereza huchapa Brontë na Gödel bila kulalamika.

Kinachofaa ni hiki. Kidahizo kifuate tahajia ya wenye jina, pamoja na kiwimbi na ritifaa. Umbo tupu liwekwe katika fahirisi kama kielekezi. Alama za wataalamu zibaki ndani ya mabano ya matamshi. Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ina nafasi za ĩ na ũ, hivyo wahariri hawana tena kisingizio cha mashine.