Kutoka Vespa hadi Boxer: Historia ya Pikipiki Garsen

Garsen ni mji wa kivuko. Zamani, gari la Lamu lilipowasili kutoka Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, lilisimama ukingoni mwa Mto Tana likingoja feri ya kuvutwa kwa mikono. Asiyeweza kusubiri alivushwa na Mpokomo, mwenyeji wa mto huo, kwa mtumbwi. Daraja lilikuja baadaye.

Wakati huo Mwambao mzima, aliyetaja skuta alimaanisha Vespa. Piaggio ya Italia iliisajili Aprili 1946, nayo ilibuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Mitaa ya Mombasa na Unguja iliipenda: injini imefunikwa, hata mwenye kanzu nyeupe hufika msikitini bila doa. Bonde la Tana ni jambo jingine. Magurudumu ya Vespa za enzi hizo yalikuwa ya inchi 8 au 10, na udongo mweusi wa huku ukinyeshewa hunata kama ulimbo. Hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Siilaumu Vespa, haikuumbwa kwa matope.

Iliyokuja kuyaweza matope imetoka ukoo uleule. Bajaj ya India iliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio tangu miaka ya 1960, kisha mwaka 1972 ikatoa skuta yake, Chetak. Juni 2008 bajeti ya Kenya iliziondolea kodi ya VAT pikipiki za chini ya cc 250. Desemba 2009 Bajaj ikatangaza kuachana na skuta ishughulikie pikipiki. Pikipiki yake, Boxer, ikapata njia nyeupe.

Boxer, na TVS mshindani wake, huingia nchini vipandevipande ndani ya makreti, zikaunganishwa hapa Kenya. Kwangu mimi, kazi ya kuunganisha huishia Garsen. Fundi huchomelea keria ya chuma nyuma, huweka vyuma vya kukinga miguu, na msimu wa mvua huinua madigadi ya mbele au huing'oa kabisa, ule ugonjwa wa Vespa usirudi. Hapo ndipo pikipiki hufaa kwenda Ngao, Wema na Hewani, na maembe, mitungi ya maziwa ya akina mama wa Kiorma, au mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku.

Usiku wenyewe uliwahi kufungwa. Mapigano ya mwaka 2012 katika Delta ya Mto Tana yaliua watu zaidi ya 100, serikali ikaweka kafyu, na bodaboda zikalala na jua.

Mto nao haujasahau. El Niño ya 1997 iliuharibu mradi mkubwa wa mpunga wa Delta. Mwaka 2018 maji yakarudi, na Novemba 2023 yakarudi tena, yakikata barabara. Siku kama hizo Boxer huinuliwa na wanaume wanne, hulazwa ubavu ndani ya mtumbwi, tangi likiwa limezibwa kwa kitambaa, na Mpokomo huuchukua upondo wake.