Furu Waliohesabiwa Wakiwa Wanatoweka

Ukiwa Buhemba, ziwa hulioni. Huku kwetu ni vilima, mashimo ya dhahabu na vumbi, na samaki wanatufikia wakiwa wamesafiri: sangara wa kukaanga, dagaa kwenye magunia, wote wamepanda kutoka Musoma na Bunda. Wazee wetu walikuwa na jina moja kwa vile visamaki vidogo vyenye miiba ambavyo zamani vilijaa sokoni: furu. Furu ni furu, basi.

Kumbe jina hilo moja lilibeba zaidi ya spishi 500. Nimekuwa nikifuatilia historia ya watu waliojaribu kuwahesabu, na kinachonikaa rohoni ni hiki: wengi wa samaki hao tunajua waliwahi kuwepo kwa sababu tu kuna mtu alikuwa na daftari kwa wakati ufaao.

Utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa Ziwa Victoria ulifanyika 1927 na 1928, ukiongozwa na Mwingereza Michael Graham. Nyavu za kutega za kizungu zilikuwa zimeingia ziwani tangu 1905, na ngege, samaki mtamu kuliko wote, alianza kupungua. Graham alizunguka ziwa akitega nyavu za matundu tofauti, akapima waliokamatwa, na kupendekeza matundu yasipungue inchi 5. Huyo ngege, aliyeliwa Mara vizazi na vizazi, alipewa jina la kisayansi na Graham mwenyewe mwaka 1928. Kabla ya hapo, vitabuni hakuwepo.

Ripoti yake ya 1929 ilionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine, bila utafiti wa kina, ni hatari kubwa. Onyo liliandikwa, likachapishwa. Katika miaka ya 1950, sangara akaanza kumwagwa ziwani upande wa Uganda.

Kati ya 1969 na 1971 watafiti wa Jinja walikokota wavu sakafuni mwa ziwa kwa meli iitwayo Ibis. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unashusha wavu, unaukokota kwa muda uliopangwa, unaupandisha, unachambua, unapima uzito, kisha unarudia sehemu nyingine, kina kingine. Ukijua wavu umefagia eneo gani, unaweza kukadiria ziwa zima. Jibu likawa kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa furu. Hesabu ikawavutia watu, na Mwanza ukaja mpango wa kuwasaga furu wawe chakula cha mifugo.

Mwaka 1977 wakaja Mwanza watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwemo Frans Witte. Wakajikita kwenye ghuba moja, wakirudi maeneo yale yale mwezi hadi mwezi, wakitenganisha furu kwa meno, taya na rangi. Wapo wala konokono, wala mwani, wala samaki wenzao, hata wala mayai na vitoto vya furu wengine. Kazi haijaisha, sangara akalipuka. Katikati ya miaka ya 1980 wavu ule ule, mahali pale pale, ulianza kupanda bila furu. Baadaye ilikadiriwa kwamba ziwa zima limepoteza spishi 200 hivi, nyingi zikiwa hazijapewa hata jina.

Fikiria kama watafiti hao wangechelewa miaka kumi. Tungesema tu, "Siku hizi furu wamepungua." Na ingeishia hapo.

Kila njia ina upofu wake, jamani. Wavu wa kukokota haupiti kwenye miamba, kwa hiyo furu wa mawe, ambao Wasukuma wanawaita mbipi, ilibidi wafuatwe kwa namna nyingine. Tangu 1999 ziwa linapimwa pia kwa sauti: meli inapiga mlio kwenda chini na kusikiliza mwangwi. Sehemu kubwa ya mwangwi wa sangara hutoka kwenye bondo, kibofu chake cha hewa. Ndiyo, bondo lile lile linalouzwa ghali kwa wafanyabiashara wa Asia. Lakini aliyelala sakafuni kabisa sauti haimtofautishi na tope. Baharini mambo ni hayo hayo: meli ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilipima maji ya Tanzania kwa sauti na nyavu miaka ya 1982 na 1983, kisha meli mpya yenye jina hilo hilo ikaja 2018. Kati ya ziara hizo mbili kuna umri wa mtu mzima.

Ndiyo maana kila baada ya miaka miwili hivi, tangu 2000, nchi zetu tatu zinahesabu mialo, wavuvi, mitumbwi na nyavu. Na kwenye mialo yenyewe wapo watu wa BMU wanaopima mavuno ya siku. Hakuna anayewapiga picha. Ila sangara akianza kwisha, na ngozi ya kukaanga ikatoweka huku Buhemba, swali la kwanza litakuwa: alianza kupungua lini? Jibu litatoka kwa aliyekuwa anaandika.